Tulihama Kabla ya Kuhama

Niliyasikia maneno yale mikono yangu ikiwa ndani ya unga, jikoni kanisani, siku tuliyokuwa tukiandaa pai za mnada wa mjane mmoja. Wilma Hostetler, ambaye habari mbaya huzisema akitazama dirishani kana kwamba zinawahusu ndege, alisema kuna mama mmoja upande wa Nappanee alikuwa na mtoto kama Delvin wangu. Wakauza nyumba, wakahamia moja kwa moja kwenye trela, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, na ofisi ya jimbo ikamfuta yule mtoto kwenye orodha ya msaada. Hakurudishwa tena.

"Mama gani huyo?" nikamuuliza.

"Jina silijui. Kanieleza Lorene."

Lorene alikuwa pale pale akimenya matofaa. "Mimi nimeambiwa na yule dada wa duka la vitambaa," akasema. "Na yeye sijui kaambiwa na nani. Usinitazame hivyo, Orpha."

"Sisemi ni kweli," Wilma akasema. "Nasema nimesikia."

"Basi ungeyaacha huko huko ulikoyasikia," nikamwambia. "Mwenzio nahama mwezi wa sita."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini pai zangu mbili siku ile nilizitia tanurini bila sukari, na aliyezinunua sijui alinisema nini. Maneno yale sikuweza kuyabandua. Nilifua nayo, nikapalilia nayo, nikalala nayo.

Nayaandika haya kwa ajili ya kina mama wenye watoto kama wangu, ambao waume zao wameanza kukaa na ramani mezani baada ya chakula. Mimi nimesoma madarasa manane tu, katika shule ya chumba kimoja, kwa hiyo mtanisamehe nikirudia jambo. Nitaeleza lilivyotokea, kisha mtajua la kufanya.

Delvin ni kitinda mimba wetu. Ana miaka ishirini na minne, na akili yake ni ya mtoto wa miaka saba, isipokuwa kwa habari za matrekta, maana hapo anampita baba yake. Alipomaliza shule, alikaa kwenye kiti kimoja dirishani kwa miaka mitatu. Sisemi kwa mfano. Alikuwa akiamka, anakaa kwenye kile kiti cha mbao, anahesabu magari ya farasi ya majirani wasioendesha motokaa, jioni anaenda kulala. Alinenepa, akaacha kuongea. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya jimbo ya watu wanaosubiri msaada, na tulisubiri miaka tisa tangu tulipoliandikisha. Siku jina lilipofikiwa, akaja Renita.

Renita analipwa na jimbo. Asubuhi nne kwa juma alikuwa akija kumfundisha Delvin kunyoa ndevu, kukaanga yai, kufunga vifungo kwa mpangilio, kisha anampeleka kwenye karakana moja mjini ambako Delvin hupakia skrubu kwenye mifuko, ishirini ishirini. Mwaka wa kwanza wa Renita, Delvin alitaja majina ya watu kumi na mmoja ambao mimi siwajui. Marafiki zake. Mtoto wangu alikuwa na marafiki ambao mimi siwajui. Mama mwenye mtoto wa namna hii ataelewa kwa nini nilikaa bafuni nikalia.

Basi hicho ndicho tulichokuwa nacho cha kupoteza.

Mume wangu Freeman alifanya kazi kiwanda cha trela miaka thelathini na mmoja. Kwetu huku kaunti ya LaGrange, usipolima utafunga makabati kwenye trela. Hakuna la tatu. Yeye alifunga makabati. Magoti yakamwisha, akastaafu, na kiwandani wakamuuzia trela moja la futi thelathini na mbili ambalo kona ya paa ilichanika likiwa bado ndani ya jengo. Alilitengeneza mwenyewe. Alikuwa akiingia ndani yake baada ya chai, anafungua kabati na kulifunga, anafungua na kulifunga.

"Miaka yote hii nimewafungia watu safari zao," aliniambia. "Sijawahi kuvuka mto Mississippi, Orpha. Nataka nione baridi ikipita nikiwa mahali isiponiona."

Angesema kwa ubishi ningekataa. Lakini alisema kwa upole, na nyumba yenyewe ilikuwa na ngazi kumi na sita ambazo hata mimi zilikuwa zikinitesa. Nikakubali tuiuze, tuishi ndani ya trela, sisi watatu, tukihama na majira. Nikakubali mwezi wa pili. Wilma alisema yale maneno mwezi wa nne. Kati ya hapo na mwezi wa sita, kila niliyemuuliza alinichanganya zaidi ya aliyetangulia.

Wa kwanza walikuwa Gaylord na Connie, wazee wawili wanaoishi kwenye trela mwaka wa nane sasa. Kila kiangazi huja kwetu kutengenezewa trela lao na mafundi wa kiwandani, wakiegesha kwenye uwanja wa maonyesho. Freeman aliwaalika kula. Ni watu wakarimu, sina la kuwasema. Connie akanieleza kwamba mtu wa trela lazima awe na anwani katika jimbo fulani, na wengi huchagua South Dakota: unaenda, unalala hata usiku mmoja kambini, unatunza risiti, unachukua leseni, na kuna watu wanaokupokelea barua na kukutumia popote ulipo.

"Kwa hiyo nyie mnaishi South Dakota," nikasema.

"Ndiyo."

"Mlikuwa huko lini?"

Connie akamtazama mumewe. "Mwaka juzi? Ule wa mvua ya mawe?"

"Mwaka mmoja kabla ya huo," Gaylord akasema.

"Lakini sasa hivi mnaishi hapa."

"Hapa tumeegesha tu, mama."

"Na kule ambako hamjaegesha ndiko mnakoishi."

"Umeelewa," Gaylord akasema kwa furaha, akajiongezea viazi.

Sikuwa nimeelewa. Nikauliza kuhusu Delvin na orodha. Gaylord akasema Delvin ni mtu mzima ana mambo yake, hahusiki na leseni zetu. Connie akasema la, kila jimbo lina watu wake, ukihama unaanza upya. Gaylord akasema huyo ni mtu wa jimbo lile lile, hajahama, amesafiri. Connie akasema kusafiri kuna mwisho. Wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu bima ya dada yake Connie, na swali langu likabaki mezani na mifupa ya kuku.

Nikaipigia simu ofisi yenyewe ya jimbo yenye ile orodha. Nilisubiri nikisikiliza muziki mpaka nikamaliza kukunja nguo zote. Akapokea dada mmoja.

"Umehama, mama?"

"Bado. Nataka kujua tukihama itakuwaje."

"Ukihama utuarifu."

"Nikishawaarifu itakuwaje?"

"Inategemea umehamia wapi."

"Kwenye trela."

"Trela liko wapi?"

"Uani."

"Uani kwako hapo hapo?"

"Ndiyo."

"Basi hujahama, mama," akasema, na nikasikia anatabasamu. Nikamshukuru, nikakata simu, nikamwambia Freeman kwamba ofisi imesema hatujahama. Freeman akasema, "Si nilikwambia. Yale ni maneno ya jikoni." Kwa siku mbili tatu nililala vizuri.

Sasa nifike kwenye kadi ya posta, maana hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulifanya akiwa amesimama, kofia kichwani.

Freeman alikuwa amekwisha kuandikisha sanduku la barua kule South Dakota. Ikabaki kuwaambia posta wa kwetu wazipeleke barua huko. Tulienda pamoja katikati ya mwezi wa tano. Dirishani wakatupa kadi ya kuhama. Juu kabisa kuna vijisanduku vya kutia alama: anayehama ni mtu mmoja, au ni familia, au ni biashara. Freeman akatia alama penye familia. Tarehe ya kuanza akaandika tarehe moja mwezi wa sita, ingawa nyumba tulikuwa tuikabidhi kwa mnunuzi mwisho wa mwezi huo.

"Mbona mapema hivyo?" nikamuuliza.

"Barua nazo zizoee njia."

Nikaisoma kadi. Nakumbuka nilivyoisoma. Nikaona ile alama kwenye neno familia, na moyo wangu ukafurahi. Tangu Wilma aseme yale, nilikuwa na hofu ya kuachwa kwa mtu, na hapa mume wangu ameandika kwa kalamu kwamba tunaondoka wote. Ningemweka Delvin wapi, nje ya familia? Nikamrudishia kadi, naye akaisukuma dirishani.

Mwezi wa sita barua zikakoma. Nilikuwa nikienda kwenye sanduku letu barabarani, nakuta buibui. Nikaona ni raha. Hakuna matangazo ya mbolea, hakuna mtu anayetaka kitu. Nikamwambia Lorene kanisani, "Kumbe dunia inakusahau haraka hivi, tena ni kama kupumzika."

Nilichokuwa sijui ni kwamba kila mwaka ofisi hutuma barua kuuliza kama Delvin bado yupo na bado anahitaji, na ile bahasha ina amri juu yake: mwenyewe akiwa amehama, isimfuate. Irudishwe ilikotoka pamoja na anwani mpya. Jina lake ni Schrock kama letu. Alikuwa ndani ya familia. Posta walifanya tulivyowaambia. Barua ikarudi ofisini na karatasi ya njano usoni inayosema Delvin Schrock yuko South Dakota, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga.

Mnada ulikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ule. Wa kwetu hatuuzi vitu kimya kimya. Tunavipanga nje kwenye magari ya kubebea majani, tunaita dalali, kina mama wa kanisa wanauza pai na kahawa, na majirani wanakuja kutazama ulikuwa umeficha nini kabatini miaka yote. Vilikwenda vyote. Mashine ya kufulia, mitungi mia mbili ya kusindikia matunda, vitanda vinne. Ndani ya trela mmeshajengwa vitanda, vya nini tena. Tulikuwa tumekwisha kuanza kulala uani kwenye trela ili kulizoea.

Delvin alipenda mnada kupita kiasi. Alikuwa amevaa kofia yake ya kijani, amesimama mbele kabisa, na dalali alipoinua kile kiti cha dirishani, Delvin akanyoosha mkono. Mtu mmoja wa Topeka, kijiji cha jirani, akapandisha bei. Delvin akanyoosha tena. Yule mtu akamtazama, akamtambua, akateremsha mkono wake.

"Kimechukuliwa na bwana mwenye kofia ya kijani," dalali akasema. "Bwana una macho. Kiti hiki kimekaliwa vizuri."

"Na mimi," Delvin akasema. "Nimekikalia mimi."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka pia, mpaka nilipomwona akikibeba kichwani kurudi nacho nyumbani.

Jumatatu Renita hakuja. Delvin alikuwa amesimama kwenye baraza amenyoa, ana chakula chake mkononi, tangu saa moja na nusu. Saa tatu simu ikalia.

"Mama Delvin," Renita akasema, "nimeambiwa nisije. Mmehama."

"Mimi niko jikoni, Renita."

"Najua."

"Niko jikoni nimeshika sufuria."

"Najua, mama. Nimewaambia nilikuwa hapo Ijumaa. Kompyuta inasema mko South Dakota. Faili limefungwa. Nikija nitakuwa nimekuja kwa mtu ambaye hayupo, na hawatanilipa, na wakijua watanifukuza."

Nikamtazama Delvin kupitia wavu wa mlango. Alikuwa yupo. Nikamtazama kama mtu anayehesabu kuku wake.

Lisemwalo lipo, wanasema. Langu lilikuwa bado njiani, na sisi ndio tuliolifungulia lango.

Freeman alipiga simu siku nzima, na jioni sauti imemkauka. Walichomjibu ni kwamba tuna siku thelathini za kupinga, tuonyeshe kuwa Delvin anakaa ndani ya jimbo. Karatasi yenye jina na anwani, na mahali anapolala paonekane kwa macho. Wangetuma ofisa Alhamisi.

Tulitafuta karatasi. Ya umeme, Freeman alishaihamisha. Ya simu, alishaihamisha. Benki, alishaihamisha. Alikuwa amefanya kazi safi kama anavyofunga makabati, hakuacha hata pengo. Yenye anwani yetu ilibaki leseni yangu ya udereva na tangazo la mnada, na tangazo lenyewe lilisema kwa herufi kubwa, FAMILIA INAHAMA, VYOTE VINAUZWA.

Alhamisi akaja Bi Thornburg. Ni dada mdogo tu, mwenye raba miguuni na faili kifuani. Nilimpitisha nyumbani, na kila tuliposema neno, kuta zilitujibu. Chumba cha Delvin kilikuwa na kile kiti tu, katikati ya sakafu.

"Analala wapi?" akauliza.

"Kwenye trela, uani," nikasema. "Kitanda tuliuza."

"Mliuza kitanda chake."

"Cha kwake na vyetu."

Akaandika. Kisha akasema sheria inamtaka amsikie Delvin mwenyewe, siyo mama wala baba. Tukakaa kwenye ngazi. Nikajua yuko upande wetu kwa jinsi alivyochuchumaa asimtazame kwa juu.

"Delvin, mimi nataka kujua kitu kimoja. Wewe unakaa wapi?"

Delvin akasimama wima kama yuko shule ya Jumapili. "Kwetu ni pale tunapoegesha," akasema.

Watu wa trela wana msemo huo, wanauandika kwenye vibao na kuvitundika mlangoni. Freeman alikuwa amemfundisha juma lile, wakiwa wanaosha magurudumu, na kila aliposema sote tulikuwa tukimpigia makofi. Sasa akasubiri makofi. Freeman alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na mmeegesha wapi?" Bi Thornburg akauliza taratibu.

"Pale. Baba ameweka matofali."

"Matofali yakitolewa, mnaenda wapi?"

"Arizona. Kuna joto."

"Mtarudi lini?"

Delvin akanitazama. Nami nikamtazama Freeman. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuuliza swali hilo, na nyumba ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Bi Thornburg akafunga faili. Alitueleza mimi na Freeman kwenye gari lake, na alieleza vizuri, wa kwanza kueleza vizuri tangu mwezi wa nne. Delvin anaweza kutembea majuma machache, kama mtu yeyote anavyoenda kuona ndugu, kisha akarudi. Hawezi kuhama. Nafasi yake ni ya jimbo, haina magurudumu. Akiondoka, kokote aendako ataandikwa chini kabisa ya orodha ya watu wengine. "Ndani ya siku hizi thelathini," akasema, "nipeni mahali. Hata kama ni trela. Lakini liwe trela linalokaa."

Baada ya kuondoka, Freeman aliingia chini ya trela akaanza kukaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea. Nikaketi kwenye nyasi karibu na miguu yake.

"Rosalyn amesema atamchukua," akasema kutoka chini huko. Rosalyn ni binti yetu mkubwa, ameolewa, ana shamba na watoto wanne. "Nilimpigia jana. Delvin akae kwake, anwani iwe ya kwake. Renita aendelee. Sisi twende, turudi kila masika tumwone."

"Ulimpigia jana."

"Nilitaka niwe na jibu kabla sijakuuliza."

"Rosalyn ana watoto wanne na ng'ombe arobaini."

"Amesema ataweza."

"Rosalyn amesema ataweza tangu ana miaka sita. Umeshawahi kumsikia akisema hawezi?"

Akaihamishia spana kwenye nati nyingine.

"Freeman," nikasema, "wewe ndiye uliyetia alama familia nzima. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilifurahi."

Akaisukuma spana nje kwenye nyasi. Kisha akasema, "Nilitaka Arizona tu. Sikutaka nimpoteze mtu."

"Najua."

"Hata leo bado naitaka."

"Najua, baba."

Hatukukubaliana siku ile, nisije nikawadanganya. Tulikaa siku nne tukipishana kwenye mlango wa trela kama wageni. Nilichanganyikiwa kiasi cha kuanza kuhesabu kwa sauti ni wapi ninakoishi: nyumba siyo yangu kuanzia tarehe thelathini, trela lina namba za jimbo hili lakini barua zake ziko jimbo lile, mtoto wangu yuko hapa na faili lake linasema hayupo. Nilimwuliza Lorene. Akasema, "Dada, mimi ningekwambia, lakini nami nikikusikiliza najiona kama sijui ninapokaa." Wilma sikumwuliza.

Siku ya tano Freeman alitoka kwenda kwa Rosalyn peke yake, akarudi na kamba ya kupimia ikiwa bado kiunoni. Alikuwa amepima nyuma ya ghala la mashine. Futi arobaini, tambarare, umeme upo karibu, maji yatavutwa. Hakusema neno la Arizona. Alisema, "Upande wa kusini hakuna upepo," nikamwelewa.

Tulikabidhi nyumba, tukaondoka tarehe ishirini na tisa. Delvin alikaa mbele na baba yake akitangaza kila trekta. Safari yetu yote ilikuwa maili tisa, mpaka shambani kwa Rosalyn. Mkwe wetu aliandika karatasi kwamba Delvin Schrock ni mpangaji wake, tukaipeleka ofisini kwa mikono yetu, hatukuipa posta. Bi Thornburg akaja kutazama kitanda, akakibonyeza kwa kiganja, akaandika.

Mtadhani hapo ndipo yalipoisha. Kufunga faili kulichukua karatasi moja ya njano. Kulifungua kulichukua miezi saba. Miezi saba Delvin alikaa kwenye kochi la trela akitazama ukuta wa ghala, maana kutoka pale huoni barabara. Mwezi wa tatu wa kusubiri aliacha kunyoa. Wa tano nilimtajia yule rafiki yake wa karakana, Toby, akaniuliza Toby ndiye nani. Renita alipewa mtu mwingine wa kumhudumia, na aliporudi kwetu mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata ilikuwa asubuhi mbili kwa juma, siyo nne. Zile mbili nyingine tumeambiwa tusubiri. Skrubu anapakia tena. Bado hesabu humpotea kwenye kumi na nne.

Freeman alienda Arizona majuma mawili na kaka yake, kwa gari dogo. Alirudi amebabuka pua. Nilimuuliza kukoje, akasema kuko mbali.

Sisemi msihame. Kuna watu wamehama na wanaimba. Na mimi mpaka leo mtu akiniuliza ninakaa wapi huwa nafikiri kwanza, kisha namtajia barabara ya Rosalyn, kisha najiuliza kama nimesema kweli. Lakini ikiwa una mtoto ambaye jina lake liko kwenye orodha ya jimbo lolote, epuka haya:

Usijaze kadi ya posta ukiwa bado unalala nyumbani kwako.

Usitie alama kwenye familia. Kila mtu ajaziwe kadi yake, na mtoto huyo asijaziwe kabisa mpaka ofisi yake ikujibu kwa maandishi.

Usiulize ofisi swali moja ukakata simu. Uliza tukienda, uliza tukirudi, uliza tusiporudi. Andika jina la aliyekujibu na siku.

Usihamishe bili zote kwa pamoja. Bakiza hata moja yenye anwani ya zamani.

Usifuate ushauri wa watu wa trela wasio na mtoto kama wako. Si wabaya. Hawajui.

Usifurahi sanduku la barua likiwa tupu. Nenda posta ukaulize.

Usiuze kitanda chake mnadani kabla ofisa hajaona kipya.

Usimfundishe mtoto mzaha wowote kuhusu mahali anapokaa. Mfundishe namba ya nyumba na jina la barabara, na hayo tu.

Usimwachie mumeo kalamu kwa sababu ameandika neno zuri. Soma kadi mara mbili, na mara ya pili isome ukiwa umekaa.